Mbuzi Wawili na Jokofu Moja

Inasemwa hapa mjini kwetu Meygaagle kwamba wifi yangu Kinsi Warfaa, mkunga, analipwa mshahara na serikali mbili. Ningependa sana iwe kweli, maana paa la jiko langu linavuja na yeye hana viatu vya maana. Ukweli ni kwamba serikali mbili zimemwandika kwenye orodha za wafanyakazi wao, na hakuna hata moja iliyowahi kumlipa. Naandika haya kwa sababu jina linalochafuliwa ni la marehemu mume wangu, Bulhan Warfaa, na watoto wangu wanalibeba. Naandika pia kwa sababu nimechoka kulieleza jambo hili mlango kwa mlango, kwa watu ambao wakishaelezwa wanatikisa kichwa na kusema, "Sawa, Mwalimu Hufan, lakini hata hivyo."

Hata hivyo nini, hawasemi.

Kinsi ni kitinda mimba wa mzee Warfaa. Mzee huyo alijifunza kusoma akiwa na mvi, kisha akauza ngamia ili watoto wake wawili, Bulhan na Kinsi, wakasome Mogadishu. Huko ndiko nilikokutana nao. Mimi nilikuwa chuo cha Lafoole nikisomea ualimu wa jiografia, Kinsi akisomea uuguzi na ukunga. Nilimtafutia chumba cha kupanga, naye akaenda kumwambia kaka yake kwamba amepata msichana anayekosoa Kisomali cha watangazaji wa redio kwa sauti kubwa, peke yake, jikoni. Kwa maelezo hayo nikaolewa.

Vita vilipotutoa Mogadishu tulirudi kaskazini kwenye lori moja, watu thelathini na mizigo yao. Siku ya nne mwanamke mmoja akashikwa na uchungu njiani. Kinsi alimzalisha chini ya lori lenyewe, kwa sababu hapakuwa na kivuli kingine. Mtoto yule anaitwa Jibril. Siku hizi ni dereva, na akitupakia anatutoza nauli kama watu wengine wote.

Tangu hapo Kinsi hajatoka Meygaagle. Aliolewa, akaachika, hakutaka tena. Ana mwendo wa haraka, ana chupa ya chai ya maziwa ya ngamia ambayo haiachi, na ana madaftari ya shule yaliyojaa majina ya watoto aliowapokea. Tarehe hasisitizi. Anaandika mtoto wa nani, wa nani, wa nani, hadi babu wa saba, na mvua ipi ilikuwa ikinyesha, au ipi ilikuwa imekataa kunyesha. Ukimtajia kijana yeyote wa hapa atakwambia alitanguliza miguu au kichwa.

Sasa hao wanaodaiwa kumlipa. Mji wetu uko mashariki ya mkoa wa Sanaag, katikati ya serikali mbili, ya Hargeisa na ya Garowe. Hargeisa wanatudai kwa mpaka uliochorwa na Waingereza, na wanataka dunia iwatambue kuwa nchi kamili. Garowe wanatudai kwa damu ya mababu. Wao hawataki kuwa nchi, wanataka watambuliwe kuwa jimbo lenye sauti ndani ya Somalia. Nimefundisha jiografia miaka ishirini na sita, na somo hili nilikuwa nalipita mbio ili nisije kuchomewa darasa.

Wanaume hawalipiti mbio. Ukipita kwa Shire, mwenye duka la chai na soda, utawakuta tangu adhuhuri wakishindana kwa niaba ya watu ambao hawawajui.

"Berbera sasa meli zinapanga foleni."

"Na mbuzi wa nchi nzima wanapandia wapi? Si Bosaso?"

"Hargeisa wana noti zao wenyewe."

"Noti za kubebwa na toroli."

"Wana taa za barabarani."

"Garowe wana barabara."

Siku moja Kinsi alisimama pale na chupa yake ya chai akawasikiliza mpaka wakanyamaza wenyewe. "Bandari mnazo mbili," akasema. "Choo cha msikiti hakina mlango mwaka wa tatu." Akaendelea na safari yake. Shire, ambaye ana ulimi, akamwita kwa nyuma, "Dada Kinsi, choo hicho kiko chini ya serikali gani?" Wakacheka. Mlango haujawekwa mpaka leo.

Zahanati ambayo Kinsi alifanyia kazi si ya Hargeisa wala ya Garowe. Aliijenga mume wangu kwa akiba ya miaka kumi na miwili ya kubeba mizigo bandarini Jeddah: vyumba viwili, birika la maji ya mvua, na juu ya mlango jiwe lililochongwa jina la baba yake na maneno "kwa wote". Jokofu la chanjo, la umeme wa jua, lililetwa na shirika moja la misaada ambalo liliondoka zamani na hata jina lake limetufutika. Bulhan alipofariki, ufunguo ukabaki kwangu na kazi ikabaki kwa Kinsi.

Nikubali sehemu yangu, maana wanaonijua wataisema hata nisipoiandika. Mabango yaliingia kupitia sebule yangu.

Wa kwanza kuja walikuwa watu wa Hargeisa, magari matatu, na bango limefungwa juu ya gari la mbele. Kwetu mgeni aliyetoka mbali haondoki bila kuchinjiwa, na nyumba ya Warfaa haijawahi kumpa mgeni wali mtupu. Nikachagua mbuzi.

Kinsi akanikuta zizini. "Wifi, hawa wamekuja kupigilia bango. Hawakuja kuposa."

"Mgeni ni mgeni."

"Mpe chai basi."

"Kinsi, watu wanane wametoka safari ya siku mbili. Unataka wakaseme nini huko waendako? Kwamba walipita kwa mjane wa Bulhan wakapewa chai?"

"Waseme tu. Chai yako nzuri."

Nilichinja. Walikula, walisifu samli, walipiga picha na wazee wa mji kwenye zulia langu jekundu, kisha wakaenda kupigilia bango upande wa kulia wa mlango wa zahanati. Baada ya miezi sita wakaja watu wa Garowe na bango lao. Ningefanyaje? Ningewapa pungufu, ingesikika kwamba nyumba hii imechagua. Nikatafuta mbuzi wa umri uleule na unene uleule. Nilimzunguka yule mnyama zizini kama ninayemshonea nguo. Nao wakala, wakasifu samli, wakapiga picha, wakapigilia bango lao upande wa kushoto.

Kuanzia hapo kila mwezi Kinsi akawa anapokea fomu mbili. Fomu zile ukiondoa kichwa cha juu ni sawasawa. Watoto waliozaliwa, wajawazito waliopimwa, vifaa vilivyopo. Kwenye vifaa aliandika jokofu moja, mizani moja, kitanda kimoja, na akaandika hivyo kwenye fomu zote mbili, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilimwambia mara moja kwamba jambo hili halijakaa vizuri.

"Wanauliza kuna nini," akanijibu. "Nawaambia kuna nini. Wangeuliza ni cha nani, ningewaambia pia."

Hawakuuliza. Ikaenda hivyo miaka kumi na mmoja.

Mwaka wa ukame, katikati ya kiangazi, jokofu likafa. Kinsi alifika asubuhi akakuta kimya. Vichupa vya chanjo vina alama ndogo, mraba ndani ya duara, ambao hugeuka mweusi joto likishaiharibu dawa. Alivitoa kimoja kimoja akavipanga mezani, akavaa miwani, akaniita nimsaidie kutazama kana kwamba macho yangu yangeweza kuona rangi nyingine. Miraba yote ilikuwa myeusi. Akavichoma shimoni nyuma ya zahanati na akasimama pale mpaka moshi ukaisha.

Fundi wa simu alilifungua jokofu, akalifunga, akasema tumwombee dua.

Basi Kinsi akapiga simu. Kwa Hargeisa ofisa anayeshughulikia upande wetu ni kijana mmoja, Samatar, mwenye adabu sana na asiye na msaada wowote. Akatafuta kwenye kompyuta yake. "Mama Kinsi, hapa naona jokofu lipo na linafanya kazi."

"Limekufa juzi."

"Kwa hiyo lilikuwepo. Sasa, sisi hatukulileta hilo. Inawezekana ni la wale wengine. Si ungewauliza wao walitengeneze?"

Kwa Garowe ofisa ni mtu mzima zaidi, Liban, ambaye huongea kama anayesoma taarifa ya habari. "Tunazo habari kwamba jokofu hilo mlipewa na Hargeisa, na bango lao lipo mlangoni."

"Na lako lipo mlangoni."

"Letu ni la uongozi, mama. Hatujasema ni la jokofu."

Nilikuwa nimekaa pembeni nikisikiliza. Niliichukua ile simu nikamuuliza Liban alisoma shule gani. Akanitajia. Nikamwambia namjua mwalimu wake na nitamwandikia. Halikusaidia kitu, lakini nilihitaji kusema neno.

Wiki iliyofuata akaja Sagal. Ni binti aliyezaliwa Burao na kusomea Malaysia, ametumwa na shirika la nje kuandika ripoti ya kulinganisha pande zetu mbili: nani ana shule nyingi zaidi, nani ana zahanati, nani analipa walimu, nani anastahili kutambuliwa na kwa lipi. Alikuwa na kishikwambi, na humo jedwali lenye safu mbili. Hakutaka mbuzi, na mimi safari hii sikusisitiza. Nilimpa mikate ya canjeero na asali.

Alikaa kwenye zulia langu, akalitazama, akalipapasa kwa kiganja. Kisha akafungua ripoti mbili na kutuonyesha picha. Ya kwanza, ujumbe wa Hargeisa ukila na wazee, na maandishi chini yake kwamba wenyeji wa Meygaagle waliipokea serikali yao kwa shangwe. Ya pili, ujumbe wa Garowe, wazee walewale, birika lilelile, maneno ni hayohayo. Kwenye picha zote mbili nimesimama mlangoni nimevaa shali yangu ya kijani, na uso wa mwanamke anayehesabu sahani. Bulhan angekuwa hai angefunika macho.

"Mwalimu, huyu ni wewe?" Sagal akauliza.

"Ni mimi."

"Na huyu?"

"Binti yangu, unauliza nini? Unaona shali."

Alianza kucheka, akajizuia. Akatueleza kwamba zahanati yetu imo kwenye hesabu ya Hargeisa na imo kwenye hesabu ya Garowe. Mkunga yumo huku na huku. Jokofu limo huku na huku. Kila upande unajivunia kuwa na zahanati moja zaidi, na zahanati yenyewe ni hii.

"Kwa hiyo kwenye karatasi majokofu yenu ni mawili," akasema.

"Wapelekee salamu," Kinsi akamjibu. "Waambie yote mawili yamekufa."

Sagal hakuwa mtu mbaya. Alipiga simu kwa wakubwa wake akarudi na jambo: shirika linaweza kutuletea jokofu jipya ndani ya mwezi mmoja, lakini haliwezi kuliweka mahali ambapo hapajulikani ni pa nani. Itabidi barua, isainiwe na mkunga na mwenye jengo, iseme zahanati iko chini ya upande gani. Upande wowote. Yeye hajali.

"Na jedwali lako?" nikamuuliza.

"Jedwali langu lina safu mbili tu, Mwalimu. Sina pa kuwaweka."

Alipokwenda kulala kwa jirani, mimi na Kinsi tuligombana kama hatujagombana tangu mazishi ya Bulhan. Mimi nilitaka tusaini. Sikujali upande. Nilikuwa tayari kusaini ule wa jina linaloanza mapema katika alfabeti.

"Ukisaini Hargeisa," Kinsi akasema, "mtaa wa bondeni hawaleti mtoto hata mmoja. Vijana wao wako jeshi la Garowe. Ukisaini Garowe, wa mlimani hawashuki. Maduka yao yote yanategemea Hargeisa."

"Watakuja. Ni watoto wao."

"Mama atataka kuja. Mumewe atamwambia kaa."

"Basi tuwaeleze."

"Mwalimu, wewe umefundisha ramani miaka yote hiyo. Ungefundisha waume ningekusikiliza."

"Na usiposaini utachanja kwa nini? Kwa mate?"

Nilijuta kusema, lakini sikuomba radhi, maana nilikuwa na haki.

Asubuhi, kabla hatujapata pa kuanzia, akafika mama mmoja kutoka kambi ya wafugaji, mwendo wa saa tano kwa mguu, na mtoto wa kike wa miaka miwili mgongoni. Macho mekundu, kikohozi kikavu, vipele vimeanzia nyuma ya masikio. Kinsi hakuhitaji kuambiwa. Surua. Alimuuliza mama wako wangapi huko. Wagonjwa sita, akasema, na mmoja walimzika Jumatatu, mvulana.

"Wa nani?" Kinsi akauliza.

Mama akataja baba, na babu. Kinsi alikwenda kwenye madaftari akalipata jina, akasoma kimya. Mtoto yule yeye ndiye aliyempokea. Alifunga daftari, akampa mtoto wa kike matone ya vitamini, akamwonyesha mama namna ya kumnywesha maji kidogo kidogo, akamlaza chumba cha pili. Kisha akatoka nje na kuniambia, "Niletee ufunguo."

Nikadhani anataka kufunga kwa ajili ya mgonjwa apumzike. Kumbe alifunga zahanati. Mgonjwa alishahamishiwa chumbani kwangu wakati mimi nautafuta huo ufunguo.

Akaandika barua mbili, sawasawa kama fomu. Zahanati ya Warfaa, Meygaagle, imefungwa kuanzia leo. Iondoeni kwenye orodha. Alizipiga picha kwa simu akazituma, na Sagal akaondoka bila barua yake.

"Kinsi, jina la baba yako liko juu ya ule mlango," nikamwambia.

"Najua liliko."

Sikuwahi kuona simu ikiita upesi namna ile. Samatar alikuwa wa kwanza, na adabu ilikuwa imempungua. "Mama Kinsi, huwezi kufunga. Kituo hicho kimo kwenye ripoti ya robo mwaka."

"Kitoeni."

"Wenzetu watasema wametufukuza Meygaagle."

"Waambie mkunga amechoka."

"Unataka nini, mama?"

"Dozi mia mbili za surua, na barafu."

"Siwezi kutoa chanjo mahali pasipo na kituo. Utaratibu hauruhusu."

"Za wafugaji wanaohama mnatoa bila kituo. Kila mwaka mnapeleka makambini, na hakuna mtu anayeuliza mlango uko wapi."

"Zile ni za wahamaji, mama. Meygaagle ni mji."

"Andika kwamba Meygaagle imehama."

"Imehamia wapi?" akauliza Samatar.

"Andika tu imehama. Ikifika utaambiwa."

Liban alipiga baada ya nusu saa, akapata maneno hayohayo, akasema atalifikisha ngazi za juu. Saa ya alasiri akarudi kusema ngazi za juu zimekubali. Kwa hiyo nyumba ya mawe ya mzee Warfaa, yenye birika, yenye vyumba vitano, ambayo mume wangu aliiwekea madirisha ya vioo kutoka Aden, kwenye vitabu vya serikali zote mbili ikaandikwa kuwa makazi ya wahamaji wasio na anwani. Nilikunywa chai bila sukari jioni ile na sikugundua.

Halafu barafu. Hargeisa wanaweza kutoa chanjo, lakini nani atazileta kabla barafu haijayeyuka? Malori ya mizigo hukaa njiani siku tatu. Gari moja tu halichelewi, haliharibiki, halisimamishwi na askari wa upande wowote, nalo ni la mirungi. Linatoka upande wa Hargeisa usiku likifukuzana na jua na linafika kwetu adhuhuri, mirungi ikiwa bado mibichi chini ya magunia yaliyoloweshwa. Dereva wake ni Jibril, yule wa chini ya lori.

Kinsi akampigia. Jibril akasema deli la chanjo, lile sanduku la barafu, litakaa palepale chini ya magunia, halitaguswa na jua, ila lazima awepo mtu wa kulipokea mara tu atakaposimama, kwa sababu wanunuzi wakilivamia gari hawaoni mtu.

"Nitakuwa kambini," Kinsi akaniambia. "Nakwenda kuwakusanya. Utalipokea wewe."

"Mimi? Kwenye gari la mirungi?"

"Una kazi nyingine adhuhuri?"

Katika nyumba yetu mirungi haijapita mlangoni. Bulhan hakuitafuna, wanangu hawaitafuni, na kuna wachumba niliowakataa kwa jani moja tu lililoonekana mfukoni. Siku ile nilisimama kwenye vumbi, mbele ya duka la Shire, katikati ya wanawake wauza mirungi, mjane wa Bulhan Warfaa na shali yake ya kijani.

"Karibu, Mwalimu," mmoja wao akasema, akinisogezea gunia nikalie. "Leo utapima kilo ngapi?"

"Nangoja dawa."

"Sote tunaiita dawa."

Shire alitoka hadi barazani akiwa na glasi yake. Wanaume wote walitoka. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alikosa la kusema, na hilo ndilo lililoniumiza. Gari lilipofunga breki nilijitosa kwa viwiko kama wengine. Jibril alilishusha deli mikononi mwangu kabla ya fungu la kwanza la mirungi, mbele ya wateja waliokuwa wanapiga kelele, akawaambia, "Ngojeni. Huyu ni mama." Nikalibeba mwenyewe hadi nyumbani. Vipande vya barafu tulivigandisha upya kwenye friza ya soda ya Shire, jenereta lake lilipowashwa jioni. Hakuomba kitu. Mkewe alikuwa wa kwanza kwenye foleni kesho yake.

Chanjo za Garowe zilipanda kutoka pwani siku mbili baadaye kwenye lori la samaki, zikinuka jodari, alama zote nyeupe.

Kinsi alichanjia sebuleni kwangu. Zahanati haikuwezekana, ilikuwa imefungwa, na mlangoni kuna mabango ambayo nusu ya mji haipiti chini ya moja na nusu haipiti chini ya lingine. Kwa mjane, kila mwanamke anaruhusiwa kwenda. Walishuka wa mlimani, wakapanda wa bondeni, wakakaa kwenye zulia moja wakibebeana watoto na kusengenyana kama kawaida. Wa kambi alikwenda kuwachanja mwenyewe kwa punda, safari tatu. Kadi hazikutumika, maana kadi zina vichwa vya juu. Alikata karatasi za daftari. Mtoto, wa nani, wa nani, tarehe ya chanjo. Tarehe safari hii alisisitiza.

Makambini alikufa mtoto mwingine mmoja, ambaye alikuwa ameshaugua kabla. Yule wa kike aliyelala chumbani kwangu alipona na kunikojolea godoro.

Siku ya mwisho, sindano zikiwa zimeshaingia kwenye kopo la kuchomea na Kinsi ananawa mikono kwenye beseni, simu yake ikaita.

"Ipokee," akasema. "Nina sabuni."

Alikuwa Samatar. Alitaka idadi, jumla ya watoto wote waliochanjwa Meygaagle na kambini, kwa ajili ya ripoti. Nikamtazama Kinsi. Aliniinulia kidevu kuelekea daftari lililokuwa limefunguliwa juu ya mto, ambako chini ya kurasa aliandika mafungu mawili na hakuyajumlisha.

"Kwa dozi zenu, mia moja sabini na mmoja," nikamwambia.

"Hapana, Mwalimu, jumla. Tumesikia wamepita mia tatu."

"Zenu ni mia moja sabini na mmoja."

"Na hao wengine?"

"Hao wengine mwulize mwenzako wa Garowe. Yeye ana mia moja arobaini na saba. Mkitaka jumla, pigianeni."

Akasema kwamba namba ya simu ya mtu wa Garowe hana.

"Ninayo mimi," nikasema, na nikamsomea tarakimu zote, polepole, mara mbili, kama ninavyowasomea wanafunzi imla. Sikusikia kalamu. Nikasikia laini imekatika.

Kinsi alikuwa anajifuta mikono kwa pazia langu, jambo ambalo nimemkataza tangu Mogadishu. "Ameandika?"

"Amekata."

"Basi nipe hiyo simu," akasema, "nimpigie huyo Liban nimpe zake tu, kabla hajaanza kujumlisha."